Keki ya gogo la chokleti kwa Krismasi, kwa sie tunaopika kwenye joto la Unguja

Habari zenu wapenzi, na majirani zangu Wakristo nawatakia Krismasi ya kheri mapema. Disemba ikishaingia tu simu za oda zinaanza, na siku hizi watu wanaulizia sana ile keki ya chokleti ya kukunja inayofanana na gogo la mti, wanaiona kwenye simu alafu wanadhani mpaka uwe umesomea upishi Ulaya. Mie nauza keki nyumbani hapa Unguja na nakwambieni kweli, kama unajua kupika mkate wa mayai ule wa kwetu, kazi ngumu ushaijua. Mkate wa mayai hauna siagi wala mafuta, ni mayai, sukari na unga, unafura kwa hewa uliyoipiga kwenye mayai bas. Na gogo hili ni mkate wa mayai huohuo, umetiwa kakao, umepikwa mwembamba kwenye treya na umekunjwa ungali moto.

Asili yake Ufaransa. Huko Ulaya zamani watu walikuwa wanachoma gogo kubwa la kuni ndani ya nyumba wakati wa Krismasi maana kwao Disemba ni baridi, alafu karne ya 19 wapishi wa Ufaransa wakaligeuza gogo likawa keki. Sie Disemba yetu ni kaskazi, jua na jasho, ukiwasha oveni saa nane mchana jikoni hapakaliki. Kwa hiyo ukifuata mapishi ya watu wa baridi vilevile yalivyo keki itatoka vizuri ila krimu italegea na chokleti itatiririka sinia zima. Siagi ya kakao iliyomo kwenye chokleti halisi inayeyuka kwenye nyuzijoto 34 hivi, na jikoni kwetu miezi hii hapo tunapafika hata kabla ya kuwasha moto. Ndo maana ntakaa sana kwenye mambo ya baridi na muda kuliko kwenye kuoka.

VITU VYA KUANDAA

Keki: mayai 4, sukari gramu 100 (nusu kikombe), unga wa ngano gramu 65 (nusu kikombe), kakao gramu 30 (vijiko 4 vya chakula), beking pauda nusu kijiko cha chai, chumvi kidogo sana, vanila kijiko 1 cha chai.

Shira: sukari vijiko 3 vya chakula, maji robo kikombe, kahawa kijiko 1 cha chai.

Ndani: krimu ya kupiga mililita 250, sukari ya aisingi vijiko 2 vya chakula.

Juu: chokleti nyeusi gramu 240, krimu mililita 160, siagi kijiko 1 cha chakula, iliki punje 4, karafuu 2.

Kupamba: komamanga moja, majani ya mlimau, vijiti viwili vya mdalasini, sukari ya aisingi kidogo.

Kakao nayosema ni ule unga mchungu usio na sukari. Usichukue ile ya kunywa na maziwa, ile imejaa sukari na keki itatoka rangi ya udongo wala ladha huioni. Kakao inalimwa hukohuko bara, Kyela mkoa wa Mbeya, basi ukipata unga wake wa nchini chukua. Na kwenye chokleti geuza paketi usome nyuma, kama imeandikwa siagi ya kakao hiyo ndo chokleti yenyewe, kama ni mafuta ya mimea matupu hiyo ni ya kupambia, inaganda haraka na inastahamili joto zaidi lakini mdomoni inaacha mafuta. Mie natumia halisi kwa sababu mtu anayekula keki mara moja kwa mwaka kwenye sikukuu yake anastahiki kitu kizuri. Ukitumia krimu ya paketi ya unga soma pia kama ina jelatini, na kama ipo iwe halali, maana Krismasi ya Unguja meza moja inakaa Mkristo na jirani zake Waislamu, usije ukamnyima mgeni keki.

MPANGILIO WA MUDA

Usijaribu kuifanya yote mchana wa tarehe 24. Usiku wa tarehe 23 hali ya hewa ikishapoa oka keki, ikunje, ipoe, ijaze krimu, ilale kwenye friji. Asubuhi na mapema tarehe 24, kabla jua halijakaza, paka chokleti ya juu irudi kwenye friji. Jioni unapamba. Wanaotoka misa ya mkesha pale Minara Miwili au Mkunazini wakirudi nyumbani wanaikuta imekaa sawa.

HATUA YA KWANZA, MAYAI

Washa oveni nyuzijoto 190 mapema ipate moto sawasawa. Treya iwe ya sentimita 33 kwa 23 hivi, tandika karatasi ya kuokea mpaka ipande pembeni, pakaa siagi kidogo chini ya karatasi ili isitembee.

Mayai yasitoke kwenye friji. Sie wengi tunaweka mayai nje kwenye kikapu na kwa kazi hii hiyo ndo sawa, yai la baridi halifuri. Vunja moja moja kwenye kikombe kwanza uhakikishe zima, tia bakulini na sukari na chumvi, piga kwa mashine spidi ya juu. Hapa mwenzangu usiwe na haraka. Kwa mashine ya mkono ni dakika 7 mpaka 10, kwa mchapo wa mkono ni zaidi na mkono utauma. Yatageuka kutoka manjano yatakuwa meupe, yatapanda bakuli, alafu ukiinua mchapo ule ute unashuka taratibu na alama yake inabaki juu kidogo kabla haijazama. Hiyo alama ndo unayoisubiri. Kama inazama papo hapo endelea kupiga. Watu wengi keki zao zinakuwa ngumu kama mpira tatizo liko hapahapa, wanaacha mapema alafu wanaongeza beking pauda wakidhani itafidia, haifidii, inaacha uchungu tu.

HATUA YA PILI, UNGA

Chekecha unga, kakao na beking pauda pamoja, mara mbili. Na unyevu wetu huu kakao inashika madonge hata kama kopo ulilifunga, na donge likiingia kwenye mayai hutolitoa tena bila kuua hewa. Mimina unga mara tatu, kila mara changanya kwa mwiko bapa ukizamisha chini na kupandisha juu, polepole, unageuza bakuli. Mashine weka mbali. Tia vanila, ukiona hakuna unga mkavu acha, usiendelee kukoroga kwa raha.

Mimina kwenye treya, sambaza kwa upole mpaka kwenye pembe, pembe zikiwa nyembamba ndo zitakazokauka na kupasuka. Oka dakika 9 mpaka 11. Gusa katikati kwa kidole, ikirudi juu yenyewe toa. Dakika mbili za ziada kwenye keki nyembamba hivi ni nyingi, itakauka na haitokunjika.

Na umeme ukikatika? Hapa kwetu kila mtu anajua hilo linavyokwenda, Disemba 2009 Unguja nzima ilikaa gizani mpaka Machi 2010 baada ya umeme unaotoka bara kukatika. Mkate wa mayai ulikuwa unapikwa kwa makaa tangu enzi na gogo hili nalo linawezekana. Chukua sufuria pana ya chini bapa, tandika karatasi, mimina nusu ya ute usiwe mzito, funika kwa sinia la bati, weka makaa machache chini na mengi juu. Chungulia baada ya dakika 8. Ukipata duara, kata pembeni ibaki mraba, vile vipande vya pembeni wape watoto. Ile nusu nyengine ipike papo hapo kwenye sufuria ya pili, isikae ikisubiri, hewa inatoka.

HATUA YA TATU, KUKUNJA

Hii ndo inayowatisha watu. Kabla keki haijatoka tandaza kitambaa safi cha jikoni mezani, kinyunyizie kakao. Keki ikitoka tu ipindue juu ya kitambaa, bandua karatasi taratibu, kata kingo kavu pande zote nne, na upande ule utakaoanzia kukunja chora mstari kwa kisu sentimita 2 kutoka ukingoni usikate mpaka chini. Sasa kunja na kitambaa chake humohumo kama unavyokunja mkeka, kaza mwanzo, mwisho uache wenyewe. Iache imekunjwa hivyo mpaka ipoe kabisa, kwenye joto letu ni saa moja au zaidi, mie naiweka mbele ya feni. Keki ikipolea kwenye mkunjo inazoea umbo, ukiikunja imeshapoa imenyooka itakatika vipande vipande.

Ikipasuka kidogo usikhofu, chokleti ya juu itafunika.

Wakati inapoa chemsha sukari, maji na kahawa dakika mbili, hiyo ndo shira. Wengine huko kwao wanatia pombe hapa, kahawa inatosha na inaamsha ladha ya chokleti, ukipenda tia tangawizi ya unga kidogo kama kahawa ya barazani.

HATUA YA NNE, KRIMU YA NDANI

Bakuli na mchapo vitie kwenye friza robo saa. Krimu yenyewe iwe imelala kwenye friji usiku mzima, haitaki kukaa mezani ikikusubiri. Weka bakuli juu ya bakuli jengine lenye barafu na piga hapohapo, sukari ya aisingi tia ikianza kuwa nzito. Simamisha mashine krimu ikisimama. Ukipitiliza itaanza kuonekana ina chembechembe, hapo inaelekea kuwa siagi na hairudi.

Fungua keki taratibu, usiilazimishe kunyooka, pakaa shira kwa brashi, tandaza krimu ukiacha sentimita 2 mwisho maana itasukumwa ukikunja. Kunja bila kitambaa safari hii. Ifunge kwa karatasi ya plastiki kwa kukaza, ilale kwenye friji mshono ukiwa chini.

HATUA YA TANO, CHOKLETI YA JUU

Mapishi mengi yanasema chokleti na krimu uzito sawa. Kwa joto letu hapana, ile itabaki laini itashuka, ndo maana vipimo vyangu chokleti ni mara moja na nusu ya krimu. Pasha krimu na iliki zilizopondwa na karafuu zake mbili mpaka inaanza kutoa mapovu pembeni, zima, funika dakika 10, chuja. Karafuu mbili nimesema mbili, najua nyie wa Pemba mnazo gunia zima nyumbani lakini karafuu ikizidi inaua chokleti na ulimi unakufa ganzi. Pasha tena krimu, mimina juu ya chokleti iliyokatwakatwa, subiri dakika 2 bila kugusa, alafu koroga kutoka katikati mpaka ing'ae, tia siagi. Maji yasiingie hata tone kwenye chokleti wakati unaikata, itashikana iwe kama mchanga.

Iache ipoe mpaka iwe nzito ya kupakaa. Ikigoma kuganda kwa joto iweke friji dakika 5, koroga, tena dakika 5, usiisahau humo.

Toa gogo, kata kipande cha sentimita 6 hivi upande mmoja kwa mshazari, kibandike ubavuni kwa chokleti, hilo ndo tawi. Pakaa chokleti kote ila zile ncha zenye mviringo acha zionekane. Chukua uma, chora mistari kwa urefu, isiwe imenyooka sana, ganda la mti halijanyooka. Kwenye tawi zungusha uma duara. Rudisha friji haraka.

KUPAMBA NA KUSAFIRISHA

Huko Ufaransa wanaweka majani ya mti wao na matunda mekundu. Sie tuna komamanga, punje zake nyekundu zinang'aa vizuri sana juu ya chokleti. Majani ya mlimau yaoshe, yakaushe kabisa, pakaa chokleti iliyoyeyushwa upande wa nyuma wenye mishipa, yaweke friza yagande, alafu bandua jani, unabaki na jani la chokleti. Vijiti vya mdalasini viwili pembeni vinatosha, na harufu yake nzuri. Sukari ya aisingi ile ya kufanya theluji nyunyiza dakika ya mwisho kabisa mbele ya wageni, unyevu wa hapa unaiyeyusha ikabaki mabaka.

Mteja akiwa mjini peleka kwa gari yenye eisi au weka boksi ndani ya kibaridi chenye barafu, bodaboda ya jua la mchana hapana. Wanaonipigia kutaka kupeleka Pemba kwa boti nawaambia hivi, beba keki imekunjwa na shira tayari bila krimu, ifunge vizuri, chokleti na krimu za maboksi zitie kwenye kibaridi, umalizie ukifika Mkoani au Wete. Ukisafiri na gogo zima lililojazwa utashusha uji.

Wakati wa kula toa kwenye friji dakika 10 tu kabla, kisu kichovye maji ya moto kifute, kata kipande, futa tena. Kilichobaki kirudi friji na kiliwe ndani ya siku mbili kwa ajili ya krimu, na kama unajua hakitoliwa kata vipande, funga kimoja kimoja, tia friza, vinakaa mwezi.