Unga wa mwani na kisukari: mambo ya kuhakikisha kabla ya kumpa mgonjwa

Iwapo umeletewa hapa Bukavu unga wa mwani unaosifiwa kuwa unaponya kisukari, anza kwa kuuliza ni mwani wa aina gani, kwa kuwa jina hilo moja hukusanya mimea mingi ya baharini isiyofanana. Ule unaolimwa Zanzibar ni mwekundu, na hutolewa zaidi karagenani, kitu cha kutia vyakula uzito. Ilhali uchunguzi mwingi kuhusu sukari ya damu umefanywa juu ya mwani wa kahawia, wenye viambato vya asili viitwavyo florotanini, fukoidani na fukozanthini. Kifurushi kisichotaja aina yake usikinunue. Majani yaotayo ukingoni mwa Ziwa Kivu nayo si mwani wa bahari, wala hayashiki nafasi yake.

Elewa pia kazi inayotarajiwa. Tunapokula bugali, vimeng'enya vya mate na vya utumbo huvunja wanga kuwa glukosi. Florotanini huvizuia vimeng'enya hivyo kwa kiasi, ndipo sukari ikaingia damuni polepole, karibu na namna ifanyavyo akabozi, dawa ya kisukari. Hayo yameonekana katika maabara na kwa panya, lakini majaribio kwa binadamu bado ni machache na madogo, kwa hiyo anayekuuzia unga huo kama tiba kamili anakupotosha.

Linalonitia hofu zaidi kwetu huku ni ayodini, ambayo wengine huiita madini joto. Mtu mzima huhitaji mikrogramu 150 kwa siku, nayo gramu moja tu ya baadhi ya mwani wa kahawia mkavu yaweza kubeba zaidi ya 1000. Rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingo uletwao na upungufu wa ayodini, limewasumbua watu wa Kivu kwa muda mrefu, hasa kisiwani Idjwi, na katika miaka ya 1990, chumvi yenye ayodini ilipoletwa, baadhi ya watu ambao miili yao ilikuwa imezoea upungufu walipatwa na tezi ya shingo kufanya kazi kupita kiasi: moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, mwili kukonda. Mwenye rovu, pamoja na mama mjamzito, asiuonje unga huo kabla daktari hajampima.

Daktari akikubali, usipunguze dawa zake za kisukari, kama metformini au insulini, kwa uamuzi wako. Mgonjwa wa kisukari cha aina ya kwanza akiachishwa insulini anaweza kufa ndani ya siku chache. Mpime sukari asubuhi kabla hajala, na tena baada ya muda wa saa mbili tangu alipoanza kula, ukiandika katika daftari tarehe, chakula na kiasi cha unga. Ikishuka chini ya miligramu 70 kwa desilita, naye anaweza kumeza, mpe maji yenye sukari na umpime tena baada ya dakika 15. Akiwa amepoteza fahamu, usimtie kitu chochote kinywani; mkimbize hospitali, na daftari hilo mkononi.