Mhalifu yumo kwenye kikaratasi chako

Ukisoma riwaya ya upelelezi, kile kikaratasi cha kuwekea alama ya ukurasa kigeuze kiwe orodha ya watu. Mhusika akitajwa mara ya kwanza, andika jina, namba ya ukurasa na maneno mawili matatu tu: "mpishi, anadaiwa". Ukibakiza kama robo ya kitabu, kabla mpelelezi hajawakusanya watu sebuleni, simama. Chagua mmoja unayemshuku, rudi kwenye ukurasa wake, usome upya alivyoingia.

Kwa nini inasaidia? Waandishi wa mafumbo ya aina ya zamani hawamfichi mhalifu, wanamzoesha machoni pako. Mwaka 1929 Ronald Knox, padri na mwandishi wa Uingereza, alitoa kanuni kumi za riwaya hizi, na ya kwanza inataka mhalifu awe ametajwa mapema. Basi yumo humo. Mimi huanza na yule niliyemwandikia maneno machache kuliko wote. Watu wapole wanaoleta chai siwaamini tena.

Kwenye riwaya za fantasia usiandike washukiwa, andika nani ni mtoto wa nani na anatoka ufalme gani. Majina yale hufanana mno.

Mbinu hii haifai pale mhalifu anapojulikana tangu sura ya kwanza, wala kwenye hadithi za mbio na risasi ambazo muuaji huibuka mwishoni. Na ukianza kuandika aya nzima nzima, raha imekwisha.