Pikapu yako ya zamani inakunywa mafuta? Anza na themostati

Kila tarehe 14 EPRA (wasimamizi wa kawi Kenya) wakitangaza bei mpya ya mafuta, sisi wa pikapu za zamani ndio wa kwanza kushika kichwa. Yangu ni Hilux ya dizeli, injini ya 3L, inabeba kabeji kutoka Limuru hadi Githurai, na kuna wakati ilikunywa mafuta mpaka nikadhani kuna mtu ananyonya tangi usiku.

Kwanza pima. Achana na geji, hiyo hudanganya. Jaza tangi mpaka pampu ijikate yenyewe, andika kilomita, fanya kazi zako za kawaida, halafu rudi stesheni ile ile ujaze tena hadi ijikate. Gawanya kilomita kwa lita. Mimi nilipata kilomita 284 kwa lita 31.5, hiyo ni kama 9 kwa lita. Rudia mara tatu hivi, maana siku moja ya jam ya Outer Ring inaharibu hesabu yote. Na kama uliweka tairi kubwa kuliko zile ilikuja nazo, mita inahesabu kilomita chache kuliko zile umetembea.

Sasa themostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwa rejeta mpaka injini ipate joto, na hapa ndio mafundi wametumaliza. Gari ikichemsha kidogo tu, dawa ni kutoa themostati na kutupa. Yangu ilitolewa bila hata kuniuliza. Sawa, haitachemsha, lakini injini inashinda ikiwa baridi, dizeli haiungui vizuri, oili inabaki nzito, na kama ni petroli ya EFI (mafuta yanapimwa na kompyuta) sensa inadhani gari ndio imeamka saa hii kwa hivyo inazidi kuongezewa mafuta. Mimi nilishtukia saa kumi na moja asubuhi nikiteremka kutoka Rironi na mzigo nyuma, sindano ya joto imelala chini kabisa kama injini imezimwa.

Kujua ni rahisi. Asubuhi kabla haijawashwa popote, washa, ushike ile hozi ya juu inayoenda kwa rejeta (chunga mkono na feni). Inafaa ikae baridi dakika kadhaa halafu ipate moto ghafla. Ikipata joto pole pole tangu mwanzo, themostati haiko ama imekwama ikiwa wazi. Nunua ingine, na kama gari bado inachemsha basi kaoshe rejeta, mara nyingi ndio imeziba.

Kitu kingine ni breki kushika. Tembea kilomita kama tano, simama, peleka mkono karibu na kila rimu bila kugusa. Moja ikiwa moto sana kuliko mwenzake wa upande ule mwingine, hapo unavuta gari na kuishikilia wakati mmoja. Upepo wa tairi pima kabla hujatoka nyumbani, na ea klina iangalie mara kwa mara ukiwa mtu wa barabara za vumbi.

Wenye kabureta (kile kifaa cha kuchanganya petroli na hewa kwa gari za zamani), kumbukeni Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, hewa ni nyepesi. Kabureta iliyosetiwa Mombasa ikifika huku inamwaga mafuta mengi, plagi zinatoka nyeusi tii. Isetiwe upya huku huku.

Kuendesha sasa. Panda gia mapema, usingoje injini ilie. Thika Road ikiwa wazi kaa 80, hizi gari zimekaa kama kabati, ukifika 110 unapigana na upepo tu. Kwa jam acha nafasi mbele utambae na gia ya pili, matatu zitaingia hapo, wacha ziingie, ni rahisi kuliko kukanyaga mafuta na breki kila mita kumi.

Na wale wa kuweka free (kutoa gia) kwa mteremko wa Mai Mahiu, acheni. Ukiwa ndani ya gia na umetoa mguu, pampu ya dizeli ama EFI inakata mafuta. Ukiwa free injini inakula kidogo ndio isizime, na breki zinachemka ukibaki bila kitu. Ule mlango wa nyuma pia ufunge, kuuacha wazi hakuokoi mafuta, utapoteza kabeji tu.