Mashine ya umeme wa msuli: moto uongezwe mwisho

Wengi wanaokuja kwangu hapa Mtwara goti lao limetoka kwenye plasta au limepasuliwa, mara nyingi kisa ni bodaboda, na paja limenywea. Nikitoa tu mashine inayopitisha umeme kwenye pedi zinazobandikwa ngozini ili msuli ukaze, naambiwa, "Dada, usiweke moto mkali." Siwalaumu. Ila umeme unaotekenya ngozi peke yake haujengi paja. Lazima msuli ukaze kwelikweli na mwenye mguu astahimili, na sehemu kubwa ya hilo unaiamua kabla hujagusa kitufe cha nguvu.

Anza na ngozi. Huku kwetu mtu akioga anajipaka mafuta ya nazi, na siku ya kuja kwa mtaalamu ndiyo anazidisha. Mafuta yanauzuia umeme usipite sawasawa, unapenya vijisehemu vichache, na hapo ndipo panapochoma. Osha kwa sabuni, kausha. Msimu wa korosho kagua zaidi, kwa sababu mafuta ya ganda yanawaunguza wabanguaji, na pedi haibandikwi juu ya ngozi iliyochubuka.

Pedi ziwe kubwa. Kwa paja natumia za sentimita 5 kwa 9. Ndogo inaukusanya umeme mahali pamoja, mtu anaumia kabla msuli haujakaza. Moja ibandike juu, mbele ya paja kuelekea nje, nyingine chini kwa ndani, juu kidogo ya goti. Zikikaribiana sana umeme unaishia juujuu. Mgonjwa akae kwenye kiti, goti limekunjwa, kifundo kimefungwa kwenye mguu wa kiti ili asirushe teke.

Sasa namba. Mapigo kwa sekunde: chini ya 20 msuli unarukaruka tu, kuanzia 30 hadi 50 unakaza na kutulia. Mimi huanzia 35 kwa mtu mwoga, 50 kwa aliyezoea. Kupandisha zaidi ya hapo kunauchosha msuli haraka. Upana wa pigo, yaani muda ambao kila pigo linadumu, kwa paja uwe mikrosekunde 300 hadi 400. Watu wengi hawaugusi upana huu, ingawa ndio wenye faida kubwa: pigo likiwa jembamba itabidi uongeze miliampia (kipimo cha nguvu ya umeme) nyingi ili upate mkazo uleule. (Programu za mashine za kutuliza maumivu zina pigo jembamba na mapigo mengi, kwa hiyo usishangae paja likikaa kimya.) Umeme upande taratibu kwa sekunde 2 au 3, usije kwa kishindo. Mkazo sekunde 10, pumziko 50, mara 10. Pumziko linaonekana refu, lakini ukilipunguza mapema mikazo ya mwisho inakuwa legelege.

Nguvu ndiyo ya mwisho. Pandisha kidogokidogo wakati msuli unakaza, si wakati wa pumziko, na uulize. Babu mmoja wa Mikindani nilimuuliza, "Babu, unasikiaje?" Akajibu, "Siafu, mjukuu wangu." Siafu maana yake ngozi, siyo msuli. Nikarudisha nguvu sifuri kwanza (pedi haiguswi umeme ukiwa unapita), nikaangalia: ukingo wa pedi ya chini ulikuwa umenyanyuka kwa jasho. Nikabandika nyingine, nikapandisha tena mpaka pale pale. "Sasa linavuta," akasema, na pia ya goti ikapanda juu. Namba ileile kabisa. Hapo nikamwambia akaze na yeye pamoja na mashine, asiiachie ifanye kazi peke yake.

Baada ya mikazo michache mwili unazoea, ongeza kidogo. Lengo ni mkazo mkubwa kadiri anavyoweza kuvumilia bila kung'ata meno.

Usimwekee mwenye betri ya moyo, wala mwenye mguu uliovimba ghafla, una joto na unauma, maana huenda damu imeganda. Huyo apelekwe hospitali. Usiweke mbele ya shingo, kifuani, tumboni kwa mjamzito, wala penye saratani. Aliyepoteza hisia kwa kisukari au ukoma hawezi kukuambia kuhusu siafu, ataungua akiwa ametulia.

Ukitoa pedi, wekundu kidogo ni kawaida na unapotea mapema. Ukikuta alama siku ya pili, badilisha pedi na ubandike pembeni ya pale.