Kurudisha eneo la mgodi kuwa malisho ya ng'ombe: mbegu gani uchanganye

Kabla hujauliza upande nyasi gani, jua kwanza udongo una nini. Chukua sampuli sehemu tofauti tofauti, manake lundo moja la vifusi linaweza lisifanane kabisa na la pembeni yake, peleka maabara wapime pH (kiwango cha asidi), chumvi na metali. Kama kuna mawe yenye pairaiti (madini ya chuma na salfa) yakikutana na hewa na maji yanatoa asidi, hapo bila chokaa utamwaga mbegu bure. Sumu kama kadimiamu au aseniki zikiwa juu, usilishe hapo. Na molibdenamu, metali nyingine, wengi wanaisahau, ikizidi nyasi zinapendeza kwa macho kumbe ng'ombe anakosa madini ya shaba (kopa) mwilini, anaharisha na manyoya yanapauka.

Majibu yakiwa mazuri ndo uchanganye. Aina moja peke yake mi siishauri, ikikataa umebaki na vumbi. Weka inayoota chap kama tefu (nafaka ya jamii ya nyasi) ishike udongo mvua zikianza, ila kidogo tu, ikizidi inazinyima mwanga na maji zile za kudumu ambazo ndo unazitaka. Penye chumvi kiasi nyasi za Rhodes zinavumilia, halafu zinatambaa kwahiyo kwenye mteremko zinasaidia sana. Pakavu weka nyasi ya Cenchrus ciliaris (buffel), lakini sio panapotuama maji, na usizidishe maana ikishika inafukuza wenzake. Mbegu yake iliyovunwa juzi juzi mara nyingi bado imelala, haioti, tafuta iliyokaa miezi kadhaa.

Jamii ya kunde usiache! Vifusi karibu havina naitrojeni kabisa, na kunde zikisaidiana na bakteria wa mizizini zinaivuta toka hewani. Stailo, kunde ya malisho, inavumilia udongo mchovu wenye asidi, ila bakteria hao huko hawapo, kwahiyo mbegu za kunde zipakwe bakteria wanaoendana nazo kabla ya kupanda.

Ukinunua usiangalie uzito tu. Kilo 10 zenye usafi asilimia 80 na uotaji asilimia 50, mbegu hai humo ni kilo 4 basi. Piga hesabu kwa hizo 4.

Mbegu za Rhodes na Cenchrus ni nyepesi zina manyoya, changanya na mchanga mkavu zisambae sawa, usizifukie zaidi ya sentimita 1 hivi. Ng'ombe wasubiri. Shika nyasi uvute kama anavyovuta ng'ombe, ikitoka na mizizi bado, ikikatika juu waingize wachache kwa muda mfupi.