Ndugu yako mgonjwa wa akili akishtakiwa kwa unyang'anyi: mambo ya kufanya kabla ya adhabu

Nilikuwa mkalimani wa korti hapa Malindi hadi nilipostaafu. Wazazi wengi wamesimama mbele ya hakimu wakilia, "Mwanangu kichwa chake si kizuri, muhurumie." Hakimu anasikia, lakini bila ushahidi hana la kuandika.

Anza na hati ya mashtaka. Unyang'anyi wa kawaida, kifungu cha 296(1) cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kikomo chake ni miaka 14, na hakimu anaweza kushuka chini ya hapo. Kifungu cha 296(2), wizi wa mabavu, kimeandikiwa kifo, na kuangukia huko ni rahisi: kuwa na silaha ya hatari, au kuwa na mwenzako, au kumpiga mtu. Moja tu latosha. Uamuzi wa Mahakama ya Juu katika kesi ya Muruatetu, 2017, uliondoa ulazima wa kifo, lakini mwaka 2021 mahakama hiyohiyo ikaeleza kuwa ule ulihusu mauaji pekee, si wizi wa mabavu. Kwa hiyo kama ndugu yako alikuwa peke yake, mikono mitupu, na alitishia tu, mpiganie hapo kwanza, kosa liwe la 296(1). Kama hamna wakili, mwambieni hakimu mapema. Ibara ya 50 ya Katiba inampa mshtakiwa haki ya kupewa wakili na serikali pale ambapo bila wakili haki ingepotea.

Kama haelewi kesi inavyoendelea, semeni siku ya kwanza, hakimu aamuru apimwe. Kama wakati wa tendo hakujua anachofanya, au hakujua ni kosa, huo ni utetezi wa kifungu cha 12 cha Kanuni ya Adhabu. Lakini wengi niliowatafsiria walijua wanapora. Ugonjwa uliwasukuma tu. Nafasi yao ni baada ya kupatikana na hatia, kabla ya adhabu kutajwa.

Hapo leta daftari la kliniki, hasa lenye tarehe za kabla ya tukio. Daktari wa akili asitaje jina la ugonjwa akaishia hapo. Aeleze ulivyogusa tendo lenyewe: alikuwa ameacha dawa? Alisikia sauti zikimwamrisha? Kama mlimpeleka kwa shekhe asomewe, au kwa mganga apungwe pepo, semeni bila haya, maana inaonyesha ugonjwa ulianza lini, ingawa haiwezi kushika nafasi ya ripoti ya daktari. Na kama alitumia unga, yaani dawa za kulevya, msifiche. Ulevi wa kujitakia sheria inauangalia kwa jicho jingine, basi daktari autenge na ugonjwa.

Ombeni ripoti ya afisa wa probesheni. Atakuja nyumbani, atauliza majirani na mzee wa mtaa. Anachotaka kujua hakimu ni kama mtu huyu atamvamia mwingine kesho, kwa hiyo mtajeni kwa jina atakayemshikia dawa, nyumba atakayolala, na kliniki atakayohudhuria.

Adhabu ikiwa nzito, rufaa kutoka kwa hakimu huenda Mahakama Kuu ndani ya siku 14. Aliye gerezani anaweza kuikabidhi kwa mkuu wa gereza. Kabla ya kuondoka kortini, ulizeni kama ripoti ya daktari imo ndani ya faili.