Somo: Kupiga hesabu ya umbali na muda wa ndege, Tanga hadi Dar

Mtu wa Tanga ukimuuliza Dar ni mbali kiasi gani, atakujibu kwa njia ya basi: kilomita 350 hivi, kupitia Segera na Chalinze. Ndege haipiti Segera. Umbali wake unaupata kwa kalamu, karatasi na kikokotoo cha simu, na ningependa kila kijana anayesoma hesabu za sekondari aujaribu mwenyewe kabla ya kuuliza intaneti.

Hatua ya 1. Andika viwanja vilipo. Tanga: latitudo 5°05.6′ kusini, longitudo 39°04.3′ mashariki. Julius Nyerere, Dar: 6°52.7′ kusini, 39°12.2′ mashariki.

Hatua ya 2. Toa latitudo. Inabaki digrii 1 na dakika 47.1, yaani dakika 107.1. Hapa ndipo penye utamu: dakika moja ya latitudo ni sawa na maili moja ya baharini, mita 1,852. Kipimo hicho kilitokana na ukubwa wa dunia yenyewe, ndiyo maana mabaharia na marubani hawajakiacha. Kwa hiyo tayari una maili 107.1 za kwenda kusini. (Kiwanja kimoja kikiwa kaskazini ya ikweta, unajumlisha badala ya kutoa.)

Hatua ya 3. Toa longitudo: dakika 7.9. Zidisha kwa kosaini ya latitudo ya katikati, hapa digrii 6, kwa sababu mistari ya longitudo hukaribiana kadiri unavyoiacha ikweta. Kwetu jibu linabaki 7.9. Kwenye latitudo 60 lingekatika nusu, basi usizoee kuiruka hatua hii.

Hatua ya 4. Pythagoras. Kipeuo cha pili cha 107.1² + 7.9² ni maili 107.4. Zidisha kwa 1.852: kilomita 199.

Hatua ya 5. Muda. Ndege ndogo aina ya Cessna Caravan huenda kama kilomita 300 kwa saa. 199 ÷ 300 ni dakika 40. Ongeza kama dakika 10 za kupaa na kujipanga kutua.

Maswali ya wanachama

Mwanachama, Pangani: Mwalimu, shikamoo. Upepo je?

Marahaba. Upepo ni muhimu sana. Kusi ikivuma kilomita 30 kwa saa, ndege iendayo Dar inakabiliana nayo, kasi inashuka hadi 270, dakika 40 zinakuwa 44. Kaskazi ya nguvu hiyohiyo inaisukuma: 330, dakika 36.

Mwanachama, Ngamiani: Tanga hadi Pemba nimepata kilomita 84, ila longitudo imezidi latitudo. Nimekosea wapi?

Hujakosea. Pemba iko mashariki yetu, lazima longitudo itawale. Angani ni dakika 17.

Mwanachama, Muheza: Tiketi ya mama ya Dar kwenda Dubai inasema kuondoka 16:45, kufika 23:20. Ni saa sita na nusu kweli?

Hapana. Kila saa kwenye tiketi ni ya mahali husika, na Dubai wako mbele yetu kwa saa moja. Toa hiyo saa: safari ni saa 5 na dakika 35. Mwambie mama anaondoka saa kumi na dakika 45 jioni, na wakati anatua, sisi huku itakuwa saa nne na dakika 20 usiku.